Mkaguzi wa Bima na Mfereji wa Paa
Mkaguzi wa bima huvua viatu mlangoni, hata nyumba ikiwa imeingia maji. Leo alikuja mtaani kwetu Kibuli kwa jirani yangu Akwero, mjane wa askari, ambaye mfereji wa paa la nyumba yake uliangushwa na dhoruba. Mkaguzi aliupapasa kwa kidole gumba, polepole, kama anayemgusa mtoto mwenye homa. Kidole kikatoka chekundu kwa kutu.

“Mama, bima inalipia uharibifu wa upepo tu. Kutu hailipii,” alisema kwa sauti ya chini.

“Hata mimi niliiona, mwanangu. Sikuwa na mtu wa kupanda juu.”

 Mkaguzi akakunja mikono ya shati, akaniomba ngazi na waya, akaufunga mfereji mahali pake. Mvua ya jioni ilipoanza, alikuwa bado kibarazani kwa Akwero, akisikiliza maji yakitoka mferejini na kuingia kwenye pipa.