Shughuli ya Barabara ya Chini

Juzi nilikwenda Kawe kumjulia hali shangazi, nikateremka kwa miguu hadi barabara ya chini, ile inayoambaa na bahari. Harufu ya mihogo ya kukaanga ilinipokea kabla sijayaona maji. Kama nawe umekulia huku, unaijua: mafuta ya moto, ndimu, pilipili, na upepo wenye chumvi.

Bibi alikuwa akikaanga mihogo pale kila jioni. Mie nilimenya, nikatwanga pilipili huku macho yakiniwasha. Nyumba zetu zilibanana, hazikuwa na ua wala baraza, kwa hiyo jua likipoa mtaa mzima ulihamia kule kupunga upepo chini ya mivinje, tukigombania nafasi kwenye ukuta mfupi wa kando ya maji.

Siku moja yakaja mabati. Kampuni ilitaka kujenga hoteli hadi kwenye maji, barabara ibaki ndani ya uzio wao. Mkutano wa mtaa ukaitwa. Mtu wa kampuni, kijana mpole, alitoa shikamoo kwa wazee kisha akasema, "Wazee wangu, barabara hii haina shughuli. Magari hayapiti, watu wanakaa tu."

Wanaume walibisha kwa hasira. Bibi akauliza taratibu, "Mjukuu wangu, kwa hiyo shida ni shughuli?"

"Ndiyo, bibi. Jumamosi afisa anakuja kukagua, ataona mwenyewe."

"Haya. Tumesikia."

Wanawake wakaanza kuchekea ndani ya khanga. Kijana hakuelewa. Kwetu shughuli si kazi na magari tu. Shughuli ni sare, ni pilau, ni ngoma na mama wa binti kutunzwa.

Jirani yetu mchonga vinyago, mtu wa kusini, alikuwa anaozesha Jumamosi hiyo hiyo. Jioni Bibi akamfuata. "Baba, shughuli tunaihamishia barabarani."

"Na mvua ikinyesha, bibi?"

"Tutalowa. Kwani bibi harusi ni chumvi?"

Basi Jumamosi masufuria yakapangwa kando ya mchanga, matarumbeta yakalia, wanawake wakaijaza barabara na sare zao za kijani. Mie nilijificha nyuma ya moshi, nikichochea kuni, maana kucheza mbele za watu sikuweza. Gari la afisa lilikosa pa kupita. Wakashuka, yeye na yule kijana, na Bibi akawapelekea sahani.

"Karibuni. Shughuli yenyewe ndiyo hii, mjukuu wangu. Na wiki ijayo tunamtoa mwali."

Afisa alikula kwanza. Kisha akamgeukia kijana. "Bwana, si uliniambia hapa hakuna kitu?"

Mambo hayakuisha siku ile. Vikao viliendelea, na shughuli ziliendelea: harusi, maulidi, hadi kipaimara cha mtoto wa jirani. Mwishowe mabati yaling'olewa, na hoteli ikajengwa ng'ambo ya barabara, upande wa juu.

Sasa pana lami na taa. Mivinje imekatwa. Mihogo anakaanga dada nisiyemjua, kwa jiko la gesi. Bibi tulishamzika, mchonga vinyago amehamia Pugu, na harusi watu wanafanyia ukumbini. Ule ukuta mfupi tuliougombania, sogea na mie nikae, juzi ulikuwa mtupu. Nikakaa katikati kabisa, nikala muhogo wangu polepole nikitazama maji. Mlinzi wa hoteli alinitazama kutoka ng'ambo, akanipungia mkono. Hakuniuliza nimemfuata nani.