Hatufui Jumatatu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, mwishoni mwa miaka ya sitini, tuliishi katika kijiji kidogo cha wavuvi kwenye pwani ya Uskoti, ambako baba alipata kazi ya kutengeneza injini za mashua. Maisha yangu yote nimefanya kazi ya kupima ushahidi. Kwa hiyo nitaeleza tu yale niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe.

Kilikuwa kijiji cha mambo machache, na kila jambo lilikuwa na siku yake. Gari la mkate lilikuja Jumatano na Jumamosi. Jumapili hata mbwa walionekana kutembea kwa adabu. Jumatatu alfajiri mashua zilitoka, zikarudi Ijumaa, na moshi wa kukaushia samaki ukaingia hadi ndani ya madaftari yangu ya shule. Mama, mzaliwa wa Unguja, alilalamikia baridi tu. Mengine yote, alisema, ni mambo ya pwani, na ya pwani anayajua.

Moja hakulijua. Jumatatu yetu ya tatu jua lilitoka, naye akafua, akaanika kanga zake nyuma ya nyumba. Jirani yetu Bi Morag, ambaye mumewe alikuwa ametoka na mashua alfajiri ile, alikuja mbio, mikono imejaa unga, akazivuta kanga kambani na kuzitupa ndani ya beseni zikiwa bado zinachuruzika.

"Mwambie mama yako, siku wanaume wanapotoka hatufui! Anataka mume wangu aoshwe na mawimbi?"

Nikatafsiri. Mama akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezivuta.

"Mwambie kanga za mtu hazishikwi namna hiyo. Na mwambie ana wazimu."

Sehemu ya pili sikuitafsiri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuficha ushahidi, na sijutii.

Hawakusalimiana hadi Ijumaa. Siku hiyo mvuvi alirudi mzima, na Bi Morag akaweka kizingitini petu samaki wawili waliofungwa katika gazeti, akaenda zake. Mama akawapika bila kuwasifu.

Majira ya baridi yalipoingia, karakana alikofanya kazi baba ilifungwa. Baba akaamua kwenda Birmingham, ambako binamu yake alisema viwanda vinaandika watu. Akipata kazi, angerudi kutuchukua. Aliondoka kwa basi la asubuhi. Mama alibaki jikoni amejifunika koti, chakula hakigusi. Chini ya kiti cha baba palikuwa na makombo ya mkate aliokula, na hakuna aliyegusa ufagio. Kwetu, msafiri akitoka, nyumba haifagiwi mpaka ijulikane kuwa amefika, asije akafagiliwa mbali asirudi tena.

Bi Morag aliingia na sufuria ya supu. Alimwona mama, akaiona sakafu, na kwa huruma tupu akachukua ufagio. Mimi nilikuwa dirishani, nikiitazama barabara lilikopotelea basi. Nilipogeuka, makombo yalikuwa tayari ndani ya kizoleo.

Mama akapiga ukelele. "Asha! Mwambie aache! Anamfagia baba yako!"

Nikaeleza kadiri mtoto anavyoweza kueleza. Nilitarajia kicheko. Bi Morag, uso umemwiva, akauliza swali ambalo hakimu makini angeliuliza:

"Taka zimevuka mlango?"

"Hazijavuka."

"Basi hakijaharibika kitu."

Akapiga magoti. Akaanza kuyarudisha makombo sakafuni kwa vidole, moja moja, akimtazama mama kila mara. "Hapa?" Mama akaonyesha kwa kidole: kushoto kidogo. "Na hili?"

"Mwambie hilo lilikuwa karibu na mguu wa meza," mama akasema, na hapo akaangua kicheko huku machozi yakimtoka. Wakanywa chai, miguu yao ikiwa katikati ya makombo.

Wiki tatu hapakuwa na barua, na wiki tatu sakafu ile haikufagiwa. Bi Morag alikuja kila siku, akiyaruka makombo kama mtu anayeruka dimbwi. Hatimaye barua ikafika: baba amepata kazi na chumba huko Birmingham, mtaa wa Sparkbrook, hana ruhusa ya kusafiri, tumfuate sisi. Hivyo hakukanyaga tena nyumba ile. Mwenye kutaka kuamini atasema ufagio ulifanya nusu ya kazi yake. Mimi nasema kiwanda hakikumpa likizo.

Mama aliishi Sparkbrook, mbali na bahari yoyote, na hakufua Jumatatu hata mara moja. Nilipokuwa mwanafunzi wa sheria, Bi Morag alituandikia kwamba mumewe amestaafu na mashua imeuzwa. Nikaona hoja imekwisha.

"Mama, sasa unaweza kufua."

"Imeuzwa kwa nani?"

"Kwa vijana fulani wa kijiji jirani."

"Nao hawana watu nyumbani?"

Nikaikunja barua. Kwamba nguo kambani hazizamishi mashua, na ufagio haumpotezi msafiri, sina shaka hata kidogo. Lakini nilimwona kwa macho yangu mwanamke akipiga magoti kwa ajili ya imani isiyo yake, bila kucheka, na ushahidi huo sijapata wa kuutengua.

Mama ametangulia mbele ya haki. Naandika haya nyumbani kwangu Stechford, papa hapa Birmingham, Jumatatu asubuhi, jua limetoka vizuri, na kapu la nguo chafu limejaa kando yangu. Nitafua kesho.