Pini Kwenye Futi ya Wifi

Wifi yangu ndiye mkata vitambaa wa karakana yetu ya ushonaji, na nianze kwa kusema ukweli: meza yake nilikuwa naitaka. Ni meza ndefu, iko chini ya dirisha pekee linalofunguka, na anayesimama pale hapigiwi kelele na mtu. Sisi wengine tisa tumejipanga kwenye vyerehani, kila mmoja na kipande chake. Mimi ni wa mikono ya mashati. Miaka sita nimeshona mikono, kulia na kushoto, mpaka nikikutana na mtu njiani namtazama kwapani kabla ya usoni.

Kukata si lelemama. Kitambaa hupangwa tabaka arobaini, karatasi ya vipimo huwekwa juu, kisha mashine ya kukatia inasukumwa kwa mkono mmoja huku mwingine umeshikilia. Hukai, wala huachi katikati. Wifi alikuwa akisimama saa nne mfululizo na mstari wake unatoka umenyooka. Tajiri, yaani mwenye karakana, humwita Mama Rula mbele ya wateja, nami kila nikilisikia jina hilo roho ilikuwa inaniuma. Si vizuri, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi siku moja akakata migongo ya mashati arobaini, yote mifupi kwa inchi mbili. Kitambaa kikageuzwa foronya. Tajiri alinuna, wenzetu wakasema bahati mbaya, mimi nikaenda nyumbani kumwambia mume wangu, "Dada yako anazeeka." Akanijibu kwamba ana njaa.

Jambo ambalo sikumwambia, kwa kuwa sikulijua, ni kwamba siku ile wifi alikuwa kwenye siku zake. Ilikuwa siku ya kwanza, ile ya damu nyingi na kiuno kinachotaka kukatika. Choo chetu kiko upande wa pili wa ua, na ufunguo ulikuwa unakaa kwenye droo ya tajiri. Ukiutaka unamwendea na kunyoosha mkono mbele ya wateja, naye anatazama saa. Wifi alikuwa ameshauomba mara mbili asubuhi ile. Mara ya tatu akaona haya. Akaharakisha kisu cha mashine ili amalize akabadilishe pedi, karatasi ikasogea, hakuiona.

Hayo alinieleza mwenyewe jikoni kwake, tukimenya vitunguu. Nyuma ya mlango alikuwa ametundika futi yake kuukuu, ile ya utepe ya kupimia watu, na ameichoma pini moja.

"Nimechoka kushtukizwa, wifi," akasema. "Kila inchi ni siku moja. Safari hii nitajua inakuja lini."

"Ukishajua itakuogopa?"

"Isiniogope. Ila siku hiyo sishiki kisu."

Alihesabu ishirini na nane, kwa kuwa ndiyo namba aliyoisikia tangu shuleni, ikaangukia Jumatano. Hedhi ikamjia Ijumaa ya kabla yake, kisu mkononi, na jora jipya la kitambaa cha bluu mezani. Mara hii zilikuwa suruali. Alitoa miguu ishirini ya kushoto, ya kulia hata mmoja. Tulicheka, sikatai, na mimi nilicheka zaidi ya wote. Tajiri hakucheka. "Ikifika mara ya tatu," akasema, "meza ataichukua mwingine." Akanitazama mimi.

Aliyemfungua macho wifi alikuwa nesi mmoja aliyekuja kupimwa koti. Wifi alikuwa anachoma pini kwenye bega la koti, akajikaza akamuuliza kwa sauti ya chini: yeye anahesabu vizuri, mbona hedhi bado inampiga chenga?

"Unaanza kuhesabu lini?" nesi akauliza.

"Siku damu inapoisha."

"Kwa nini inapoisha?"

Wifi alishangaa kuulizwa. Katika karakana yetu hakuna kinachohesabiwa mpaka kiishe. Shati lisilo na vifungo si shati, ukilitaja kwa tajiri unafukuzwa. Nesi alicheka mpaka pini zikamchoma.

"Damu haihesabiwi kama mashati, dada yangu. Siku inapoanza kutoka, hiyo ndiyo siku ya kwanza ya mzunguko. Unahesabu mpaka siku ya mwisho kabla haijaanza nyingine. Na hiyo ishirini na nane ni ya kukadiria tu. Kuna wa ishirini na nne, kuna wa thelathini na tatu, na wote ni wazima. Andika miezi mitatu uipate ya kwako." Akamwambia pia kwamba maumivu yakimlaza kitandani, au pedi ikijaa ndani ya saa moja, aje hospitali, asivumilie tu kwa sababu mama yake alivumilia.

Wifi akaihamisha pini. Miezi mitatu ikampa ishirini na saba, ishirini na sita, ishirini na saba. Akagundua pia kwamba kile kichwa kilichokuwa kikimuuma bila sababu kina sababu, hutangulia kwa siku mbili. Akaanza kujipanga. Nguo za kufua na ndoo za maji akazisogeza zije baada ya siku zile. Karakanani, siku ya kwanza na ya pili akawa anachora karatasi za vipimo, kazi ya kukaa kwenye kiti, na kazi ya kukata anaifanya mapema. Hakumwambia mtu. Kosa la tatu halikuja, na mimi niliyekuwa nalingojea nikabaki nangojea. Hapo ndipo nilipoona haya, maana ni yeye huyohuyo aliyenipa futi nyingine na kunionyesha namna ya kuchoma pini zangu.

Kisha likaja agizo la makoti mia tatu ya hospitali. Majora yangeingia Alhamisi, na tajiri akatangaza kwamba kukata ni Jumatatu. Wifi akatazama futi yake. Pini ilikuwa Jumatatu.

Safari hii kujificha kusingewezekana. Aliingia kwa tajiri mlango ukiwa wazi, na cherehani changu ndicho kilicho karibu.

"Tajiri, naomba nikate Ijumaa na Jumamosi. Jumatatu na Jumanne nitakaa nichore. Na ufunguo wa choo naomba utundikwe ukutani."

"Kuna nini Jumatatu?"

"Nitakuwa kwenye siku zangu."

Vyerehani vikanyamaza kimoja kimoja. Tajiri alishika kalamu, akaiweka. "Mambo mengine si ya kusemea hapa, mama."

"Nisiposema ndiyo tunapata foronya."

"Kwa hiyo kazi yangu ipangwe na tumbo lako?"

"Hata zamani lilikuwa linaipanga, tajiri. Sasa hivi angalau najua mapema."

Aligeuka kwa hasira, macho yake yakanidaka mimi. "Wewe! Wewe si mwanamke? Mbona wewe hukosei?"

Wote wakanitazama, na wifi pia. Nyuma yake niliiona meza, dirisha limefunguliwa, upepo unainua karatasi. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu: navumilia. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Nakosea, tajiri," nikasema. "Kila mwezi. Mwezi uliopita nilipachika mikono sita ndani nje. Ila mkono ukiukosea unaufumua, unaushona tena, na wewe hujui. Yeye kitambaa chake kikishakatwa hakuna cha kufumua."

Mpiga pasi akakohoa. Mshona kola akasema, bila kuinua kichwa, kwamba na yeye ana fumua-fumua zake. Tajiri alitazama rundo langu la mikono kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Mwishowe akavuta droo, akatoa ufunguo.

"Nani ana msumari?" akauliza.

Ijumaa asubuhi wifi alisimama chini ya dirisha lake akakata mpaka jioni, mstari umenyooka. Nami nilikuwa kwenye cherehani changu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Meza ile bado naitaka, sitadanganya. Ila siku ile tajiri aliponiuliza ningeweza kuipata, na nafurahi kwamba sikuichukua.