Jumamosi Nilizofagia Mlango wa Katibu

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Wengine wakipata siku ya mapumziko huenda mjini kutazama madirisha ya maduka. Mimi hutazama dirisha langu mwenyewe, nikiwa ndani. Siku tatu kwa wiki natunza wazee kwenye makao yao, nasukuma viti vya magurudumu na kubembeleza watu wazima wamalize uji, na siku nne zinazobaki sitaki kusukuma kitu wala kubembeleza mtu. Kwa hiyo nikisema kwamba majira mazima ya joto niliamka mapema kila Jumamosi, nikavaa kizibao cha manjano kinachomulika, nikatoka kuokota takataka za watu wa Hodge Hill, mtaa wetu hapa Birmingham, bila malipo, msinipigie makofi. Halikuwa penzi la mazingira. Ilikuwa chuki, na niliitunza kama mtu anavyotunza moto wa makaa usizimike.

Yote yalianzia kwenye sofa.

Sofa letu la zamani lilikuwa limebonyea upande mmoja, upande wangu. Tuliponunua jingine nilipiga simu kaunsili, halmashauri ya mji, waje kulichukua lile bovu, wakanipa tarehe ya wiki tatu mbele. Mtu mwenye akili angelivumilia ndani hizo wiki tatu. Mimi, kwa hamu ya kukalia jipya, nililitoa nje siku ileile na mume wangu, tukalibwaga mbele ya nyumba kando ya mapipa ya taka. Likanyeshewa, likakauka, likanyeshewa tena. Mbweha mmoja akawa analala hapo.

Halafu siku moja jua likatoka. Si lile la kuchungulia na kurudi, jua la kweli. Nami nilikuwa nimejifunga leso, nimevaa soksi za mume wangu, nina kikombe cha chai mkononi, na sofa liko palepale. Ungefanyaje? Nilikaa. Nikainua miguu. Nikafumba macho.

Ng'ambo ya barabara, nyumba tatu kutoka kwetu, anakaa dada mmoja wa kwetu Kenya. Ni nesi, tena si nesi wa kutumwa, ni wa kutuma wengine. Yeye ndiye katibu wa kikundi cha watu wa kujitolea wanaosafisha mitaa yetu: wanaokota taka, wanapaka rangi vyuma vya uzio, wanapanda maua kwenye mapipa yaliyokatwa nusu. Kazi ya katibu ni kupiga picha za mahali kabla hapajasafishwa, kisha baada. Picha yangu ilikuwa ya kabla.

Ingebaki kwenye kikundi cha wasafishaji nisingejua, kwa sababu sikuwamo. Lakini aliituma pia kwenye kikundi cha wasapu cha kina mama wa kanisa letu, na chini yake akaandika: "Kina mama, tusipojiheshimu wenyewe, nani atatuheshimu?" Jina langu hakulitaja. La nini, na uso ulikuwa pale, mdomo wazi?

Mume wangu aliishika simu, akaitazama picha kwa muda.

"Lakini umekaa vizuri," akasema. "Ungefikiri ni Mombasa."

"Nirudishie simu yangu."

"Na soksi ni zangu."

Jumapili nilimngojea katibu baada ya ibada, pale kina mama wanapokunywa chai kwenye vikombe vya karatasi. Nilimwomba kwa upole, nasema kweli, aandike neno moja kwenye kikundi kilekile. Aseme lile sofa lilikuwa linangoja gari. Aseme pole. Kina mama walikuwa wameanza kunisalimia kwa sauti ile wanayotumia kwa wafiwa, na mmoja alikuwa ameniletea pakiti ya sabuni ya unga.

Alinishika bega. "Dada, mimi sikumtaja mtu. Ukijiona mle, basi hiyo ni dhamiri yako inakusemesha."

Nilikunywa chai yangu yote hapo hapo, ikiwa moto.

Sasa niwaeleze jambo ambalo Waingereza wa mtaa wetu hawakulijua na bado hawalijui. Kwetu nilikokulia, mwanamke akitaka kumtukana mwenzake bila kufungua mdomo, huchukua ufagio alfajiri akaenda kufagia uwanja wa yule mwenzake. Basi. Hasemi kitu. Jua likipanda kila mpita njia amekwisha kuelewa kwamba nyumba hii haina mwanamke, au inaye lakini hajiwezi. Na huwezi kwenda kumshtaki mtu kwa sababu amekufagilia. Utasema nini? Ataambiwa asante.

Nikajiunga na kikundi.

Mwenyekiti ni mzee wa Kiayalandi, mwembamba, mwenye masikio makubwa. Alizaliwa katika mji mdogo huko Ayalandi, mji ambao watu wake hufagia njia, hupaka milango rangi na kutundika maua kila dirisha, wakishindana na miji mingine, na waamuzi huja kimyakimya bila kujitambulisha. Alikuja Birmingham kijana kujenga barabara, na sasa amestaafu anaziokotea makopo. Aliniuliza kwa nini nataka kujiunga.

"Napenda usafi," nikamwambia.

Alinipa kizibao, koleo ndefu ya kuokotea taka, na mfuko wenye pete ya plastiki mdomoni ili usijifunge. Akaniuliza nataka mtaa gani.

"Huuhuu wetu. Nianzie pale kwa katibu."

Koleo niliitumia kidogo, kwa heshima ya mzee. Kazi yenyewe niliifanya kwa ufagio wangu wa chelewa, ambao dada yangu aliniletea kutoka nyumbani ndani ya sanduku, umefungwa kwenye khanga. Ufagio wa dukani huku una mpini mrefu na unafagia kama unaomba radhi. Wa chelewa unakutaka uiname, na una sauti. Katibu hufanya zamu ya usiku kila Ijumaa. Hurudi asubuhi, akalala. Nilimpa nusu saa ashikwe na usingizi. Kisha nikainama chini ya dirisha lake.

Nilifagia njia ya watu, nikafagia ukingo wa barabara, nikafika kwenye lango lake, nikaingia hatua mbili. Taka sikuzizoa mara moja. Nilizikusanya rundo moja zuri katikati ya lango, pakiti za krispi, makopo, sanduku la kuku wa kukaanga, majani, nikaliacha hapo wapita njia walione. Kila aliyepita nilimsalimia. Jirani yake Mwingereza alitoka na biskuti kwenye sahani, akasema mimi ni malaika.

Dirisha la juu likafunguka.

"Dada," katibu akasema, sauti nzito ya usingizi. "Hapo pameshafagiliwa. Nilifagia jana."

"Naona," nikasema, na kuendelea.

Alielewa. Niliuona uso wake ukielewa. Alitazama lile rundo la taka, akamtazama jirani na biskuti zake, akafunga dirisha polepole. Niliporudi nyumbani nililala hadi saa nane mchana, usingizi wa mtoto.

Jumamosi ya pili nilirudi. Ya tatu pia. Kwenye mkutano wa kikundi katibu alipendekeza nihamishiwe upande wa shule, akasema huko kuna uhitaji mkubwa. Mzee alikataa. Alisema katika maisha yake yote huku hajaona mtu anayefagia hivi, na mtaa ule sasa ndio anaowaonyesha wageni. Wote wakanipigia makofi, na katibu naye alipiga, maana angefanyaje, na ni yeye aliyekuwa anaandika kumbukumbu za mkutano.

Akabadili mbinu. Jumamosi iliyofuata nilikuta amenitangulia. Kulikuwa kweupe, kumeoshwa kwa maji na dawa ya sakafu, hata mshono wa lami ulikuwa hauna nyasi. Kizingiti kilinukia ndimu. Sikupata hata kijiti. Nikasimama nikafikiri, kisha nikainama nikafagia vilevile, kila inchi. Kufagia pachafu ni tusi. Kufagia palipokwisha kufagiliwa, hilo sina jina lake.

Mzee alikuja na chupa yake ya chai, akakaa juu ya ukuta mfupi, akanitazama nikifagia hewa.

"Amekukosea nini katibu?" akauliza.

"Nani kakwambia amenikosea?"

"Mama yangu aliupaka rangi ukuta wa jirani yake. Kila mwaka. Jirani hakumwomba."

"Jirani alikuwa amefanya nini?"

"Hatukuwahi kujua." Alipuliza chai. "Mji wetu ulipata tuzo."

Hakuniuliza tena, wala hakuninyang'anya mtaa.

Mwezi wa saba mama mkwe wa katibu akaja kumtembelea mwanawe. Nilijua kwa sababu kanisani alitambulishwa, akasimama, mama mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani, akapunga mkono kama aliyechaguliwa bungeni. Katibu alikuwa amekaa kando yake wima kama yuko mbele ya mwalimu mkuu. Nikasema moyoni, Jumamosi.

Sikuwa nimefagia dakika tano mlango ukafunguka. Mama mwenyewe akatoka, sweta juu ya gauni la kulalia, akaja hadi langoni.

"Hujambo mwanangu."

"Sijambo mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akautazama ufagio. Akautazama mgongo wangu ulioinama. Akageuka akaitazama nyumba. "Kwani mwenye nyumba ni mgonjwa?"

Nimesubiri vitu vingi maishani, viza, hati za kazi, gari la kaunsili. Sijapata kusubiri kitu kikaja kitamu namna ile.

"Hapana mama," nikasema. "Amechoka tu. Ana kazi nyingi."

"Ahaa," akasema. Akarudi ndani bila haraka.

Katibu alibisha mlangoni kwangu kabla ya saa sita. Hakuwa amelala, macho yalikuwa mekundu na alikuwa bado na viatu vya wodini. Nilimkaribisha sebuleni, nikamkalisha kwenye sofa jipya. Chai sikumpa.

"Unataka nini, dada?"

"Unajua ninachotaka."

"Ameniuliza kama nyumba yangu inasafishwa na majirani. Mbele ya mume wangu. Ameniuliza kama watoto wanakula."

"Si hukumtaja mtu yeyote. Labda ni dhamiri yako."

Nilimwona akitamani kunipiga kwa mto, na ningemheshimu. Kisha akatoa simu. Nilimwambia picha hataweza kuifuta, muda umepita, kwa hiyo aseme kwa sauti yake. Alirekodi pale pale. Mara ya kwanza alisema "kama kuna aliyeumia", nikamwambia hapana, aliyeumia yuko, amekaa mbele yako. Mara ya pili alisema vyema ila haraka. Mara ya tatu alisema alinipiga picha nikiwa nimefumba macho, akaituma bila kuniuliza, kumbe sofa lilikuwa linangoja kuchukuliwa, naye ananiomba msamaha. Sauti ilimkatika kidogo mwishoni. Nikamwambia hiyo ndiyo atume.

Mume wangu alikuwa jikoni akijifanya anaosha sufuria.

Nilikaa na simu nikingoja matunda yangu. Yakaja. Kina mama wakaanza kutuma mikono ya makofi, maua, mioyo. "Huu ndio unyenyekevu." "Mungu akuinue dada yetu." "Wangapi wanaweza kukiri hivi?" Mke wa mchungaji akaandika kwamba ile sauti imemtoa machozi na katibu aongoze maombi ya Jumatano. Kuhusu mimi, mmoja aliandika: "Na yule dada naye ajifunze kusamehe haraka."

Nilisoma hilo mara nyingi. Mume wangu akaniambia, "Si umepata ulichotaka?" Nilikuwa nimepata kila neno nililolidai, nimelisimamia likirekodiwa, na bado yeye ndiye aliyeinuliwa, mimi nikabaki mwanamke wa sofa mwenye roho ngumu.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda tena. Najua. Lakini nilikwenda.

Nilimkuta mama mkwe langoni, amevaa kizibao cha manjano kilichombana kifuani. Mzee alikuwa amempa asubuhi ileile. Alikuwa na ufagio wa plastiki wa dukani na anautazama kwa dharau.

"Lete huo wako," akasema.

Nilimpa. Ungemnyima? Aliupiga kwenye kiganja chake mara mbili, akaridhika.

"Ameomba msamaha?"

"Ameomba, mama."

"Watu walisikia?"

"Wote walisikia."

"Basi imetosha. Hapa ni kwa mwanangu. Nenda ukafagie kwako."

Nilisema ndiyo mama, nikavuka barabara mikono mitupu, kama msichana aliyefukuzwa jikoni. Nyuma yangu alianza. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, mzito, wa kwenda na kurudi bila pumziko, na alifagia kuanzia lango hadi kizingiti, kisha akaingia uani upande ambao mimi sikuwahi kuthubutu. Jirani wa biskuti alikuwa ameshatoka.

Nilipofika mlangoni kwangu niligeuka. Katibu alikuwa amesimama dirisha la juu, amevaa bado nguo za kazi, anamtazama mama mkwe wake akimfagilia mlango mchana kweupe mbele ya mtaa mzima. Mimi nilikuwa jirani tu.

Mzee wa Kiayalandi alipita na mfuko wake. Nikamuuliza yule mama atakaa hadi lini.

"Hadi Krismasi," akasema.

Nikaingia ndani, nikavua kizibao, nikajilaza.