Laptop ya Kukimbia Nayo

Mama yangu alipima kila kitu kwa mgongo. Sufuria, godoro, redio: kabla kitu hakijaingia katika nyumba tuliyopanga pale Masisi, alikifunga mgongoni kwa kitenge, akatembea nacho kidogo, ndipo akikubali ao akikatae. Tulikuwa tumekimbia vita mara nyingi, na kila mara vitu vizito vilibaki njiani. Kwa hiyo siku tulipoenda kuchagua laptop nilijua kitakachotokea.

Duka lilikuwa la Papa mmoja, mzee wa Butembo aliyeuza sabuni, misumari na, barabara ya Goma ikiwa wazi, mashine. Aliniwekea mbili mezani, zote nyembamba, za rangi ya majivu, nzuri mpaka nikaogopa kuzigusa. Shule niliiachia katikati, lakini kaka mmoja wa studio ya video za harusi alinifundisha kutengeneza picha zinazotembea. Basi swali moja nililijua.

"Papa, karte grafike yazo, ile inayochora picha, iko namna gani?"

"Hii iko na karte ya peke yake," akasema, akigonga ile nene kidogo. "Hii ingine, karte iko ndani ya prosesa, ubongo wa mashine. Zinakula sahani moja."

Hiyo njo tofauti yote. Karte ya peke yake ina kumbukumbu yake, inachora milima na majani bila kuomba mtu, ila inakula umeme, inapata moto, na chaja yake ni tofali. Ile ya ndani inaazima kumbukumbu ya mashine. Betri inadumu, filamu unaangalia vizuri, lakini ukiibebesha kazi ya kuchora inapiga magoti.

Nami nilitaka kuchora kwetu. Macho ya Mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na waganga wa macho walikuwa mbali, ng'ambo ya mapigano. Nilimwahidi kwamba kabla ukungu haujafunga kabisa, atatembea tena kwenye kilima chetu, kule tulikotoka upande wa Walikale, kutoka langoni mpaka jikoni mwake, ndani ya mashine.

"Tuchukue ile nene, Mama," nikanong'ona.

Alikuwa tayari amefungua kitenge. Akaifunga mgongoni pamoja na chaja yake, akaenda mpaka kwenye magunia ya chumvi, akarudi. "Inanivuta." Akaifunga ile nyembamba. Akaruka kidogo, kama anavuka mutaro.

Papa akacheka. "Mama, mutoto wako amelala vizuri! Hata hajalia."

"Huyu njo wetu," Mama akasema. "Ule mungine tutamuachia njiani."

Nikacheka na mimi. Pano yetu ya jua, iliyotupa umeme, ilikuwa ndogo, na ile nene ingeimaliza mapema. Nikajiambia nitaibembeleza hii nyepesi, itakubali.

Nilichora msimu mzima. Mabati, mikaratusi, moshi wa jikoni, maharagwe, nyasi moja moja. Mama alinisimamia. "Ule ng'ombe wa baka nyeupe, pembe moja inaangalia chini. Usimunyooshe!" Lakini nilipobonyeza picha itembee, ilitoka moja, kimya, ingine, kimya, kama mtu anayekohoa. Halafu inakwama.

"Tumefika wapi?" Mama anauliza.

"Bado tuko langoni."

"Lango gani hilo lisilofunguka?"

Kisha risasi zikasogea, tukakimbia tena, kwa miguu, mpaka Bweremana. Godoro lilibaki. Sufuria ilibaki. Laptop ilifika mgongoni mwa Mama, kavu kabisa.

"Nilikuambia," akasema, na alisema kweli.

Mwanamke mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alitupatia kona ya kibanda chake. Wakati huo Mama alinitambua kwa sauti tu nikiwa mlangoni. Muda ulikuwa umekwisha, nikaanza kuipunguzia mashine mzigo. Nilitoa nyasi kwanza. Nikatoa mikaratusi, moshi, maharagwe. Mabati pia, maana mng'ao wake ulikuwa mzito. Mbele ya yule ng'ombe wa baka nilikaa muda mrefu, halafu nikamfuta pamoja na wenzake.

Ikatembea! Laini kama maji. Nilipiga kelele, nikamwita.

Mama aliweka uso karibu kabisa na kioo, pua ikikaribia kukigusa. Tukapita langoni. Udongo mtupu, kuta bila paa, kiwanja bila mnyama. Tukafika jikoni. Nilikuwa bado natabasamu, nangoja anisifu.

"Kumbe ulirudi kule," akasema polepole.

"Hapana, Mama. Nimechora tu."

"Sasa nani alikuambia? Njo hivi wale wa vita waliiacha nyumba yetu. Mimi nilitoka wa mwisho, niliona. Sikutaka wewe uone."

Nikamwambia nitarudisha ng'ombe, nitarudisha yote. "Rudisha," akasema, akapapasa kifuniko, akakifunga. Macho yake yalifungwa na ukungu kabla sijaweza kuvirudisha. Nyumba aliyoiona mwisho ni ile tupu.

Siku ile, alipokifunga kifuniko, niligusa mashine chini. Haikuwa na moto. Kwa mzigo ule haikuchoka hata kidogo.