Kamera Inayolala Barazani

Jirani yetu, dereva wa basi la shule, hulaza kamera yake barazani kwenye baridi. Ikiingia ndani kwenye joto, anasema, lenzi hushika ukungu, na hadi utoke asubuhi imekwisha. Mimi huamka saa kumi na moja kusali, na dirishani namwona tayari amesimama kwenye theluji, glavu moja ameing'ata kwa meno. Kabla ya kubonyeza hubana pumzi, na ule mvuke wa mdomoni hukatika. Wiki ile ya mawingu nilimwombea mbingu safi, maana alitaka kupiga picha ya sayari mbili, Zuhura na Mshtarii, pamoja na mwezi mwembamba, juu kabisa ya ghala la mahindi. Kulipotakata nilimpelekea kahawa. Alikuwa amepiga picha moja tu ya kujaribu, mwezi haujafika juu ya ghala, mkewe Ardis akaita kutoka jikoni. Nyonga zake zimeharibika, hatoki nje.

"Mzee, umeganda huko? Mwezi si ule ule wa jana?"

"Wa jana haukuwa na wageni, bibi."

"Na mimi nitawaonaje, dirisha langu linatazama magharibi?"

Aliutazama mwezi, akatazama ghala. Kisha akaichomoa kamera kwenye miguu yake mitatu, akaingia nayo ndani. Lenzi ikawa nyeupe kwa ukungu palepale. Akafuta kwa shati lake kioo cha nyuma chenye ile picha ya kujaribu, akapiga magoti kando ya kiti cha Ardis.

"Huyu ni Zuhura," alisema.

"Na huyu mdogo?"

Nje, mwezi ulifika juu ya ghala. Niliutazama peke yangu, kahawa yake ikipoa mkononi mwangu.