Mgambo wamekuja kutafuta risasi kwenye sufuria yangu

Leo nimepigishwa magoti mbele ya banda langu hapa Lusahunga kwa sababu ya neno moja: risasi.

Mnanijua, mimi ni fundi betri. Kichwa cha betri kikikatika nayeyusha risasi, ile metali laini ya ndani ya betri, namimina kwenye kalibu, halafu napiga tupa mpaka waya ukae bila kucheza.

Asubuhi nikapiga simu Biharamulo. "Niletee risasi kilo mbili, hii niliyonayo haitoshi, kuna mtu anasubiri."

Kinyozi jirani yangu akasikia. Hakuniuliza chochote. Akakimbia kwa mwenyekiti.

Nusu saa haijaisha, mgambo watatu hawa hapa, mwenyekiti nyuma yao.

"Lisasi ziko wapi?"

Na mimi kwa ujinga wangu nikasema ukweli: "Ziko kwenye sufuria, afande."

Weee!

Magoti chini, mikono juu, madereva wa malori wananipiga picha. Sufuria ikapigwa teke, risasi ya moto ikapita karibu na goti langu ikagandia mchangani.

Mwenyekiti, mzee niliyemwamkia shikamoo asubuhi hiyo hiyo, akainama kuitazama. "Kumbe ni ile ya betri?" Akacheka. Wakaondoka.

Pole hata moja sikupewa. Nyie mngevumilia?

Sasa wewe kinyozi, najua unasoma hapa. Mtu aliyekuwa anasubiri ni wewe. Betri ya sola ya saluni yako bado iko mezani kwangu, haina kichwa.

Waambie mgambo wakuwekee.